Motokaa ya Marehemu Baba Yetu na Petroli Tuliyoisingizia

Maneno tutakayoyasema humu si ya elimu kubwa, wala hatukuyatafuta ili tupate kujaza kurasa. Ni habari ya motokaa kuukuu iliyokuwa ikizima njiani kwa kukosa mafuta ilhali tangi lake limejaa. Tumeona yatupasa kuiandika kwa sababu tuliizungumza barazani kabla ya kuijua kweli yake, na mtu mmoja akadhurika kwa maneno yetu. Na neno lililosemwa mbele za watu halifutiki kwa kunong'onwa sikioni mwa mmoja. Tena wako miongoni mwenu wenye magari ya zamani waliyoachiwa na wazee wao, na huenda habari hii ikawaokolea fedha ambazo sisi zilitutoka.

Motokaa yenyewe ni Land Rover ya aina iitwayo Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1968. Marehemu baba yetu aliinunua katika mnada mwaka 1979, ikiwa imekwisha tumika sana, bati lake limebonyea na viti vyake vimeraruka. Kwa miaka mingi ilipanda na kushuka milima ya Uluguru, ikichukua ndizi, mananasi na pilipili manga kutoka upande wa mashariki wa milima mpaka sokoni Morogoro, na ikirudi na chumvi, sabuni na mabati, na mara nyingine mgonjwa aliyepata nafuu. Wazee wa upande wa Matombo walizijua Land Rover tangu zamani za Mwingereza, nao hawakuzipenda, kwani ndizo zilizowaletea mabwana shamba wa mpango wa kuchimba matuta ya ngazi, ule ulioanza mwaka 1950 ukaachwa mwaka 1955 baada ya watu kuukataa kwa ghasia. Baba alikuwa akicheka na kuwaambia kuwa hii yake imekwisha tubu.

Alipofariki, sisi warithi tulikubaliana isiuzwe. Mama yetu aliipenda, na hakuna kati yetu aliyekuwa na uso wa kumwambia mama kuwa sauti ile aliyoizoea getini jioni itakwenda kusikika nyumbani kwa watu wengine.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo jinsi gari la namna hii linavyokunywa mafuta, ili msomaji asiye fundi aweze kufuatana nasi. Tangi liko chini ya kiti cha mbele upande wa kulia, nalo huchukua lita 45 hivi. Petroli haishuki yenyewe kwenda injini, kwa kuwa kabureta iko juu kuliko tangi. Huvutwa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya pampu mna kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma, kinachovutwa na kuachiwa injini inapozunguka: kikivutwa petroli huja, kikiachiwa husukumwa kwenda kwenye kabureta. Chini ya pampu hiyo kimening'inia kikombe cha kioo ambamo maji na uchafu hutua, na kando yake pana kijiti ambacho mtu aweza kukipampu kwa mkono injini ikiwa imezimwa. Hakuna umeme katika kazi hiyo yote. Mtu mwenye macho na subira aweza kuona kila kitu.

Sasa, mwaka 2022, bei ya petroli nchini ilipanda mpaka ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Siku zile, asubuhi mbili tofauti, tulikuta mafuta yamepungua tangini usiku. Nje ya nyumba yetu vijana hukaa barazani mpaka usiku wa manane. Hatukumwuliza hata mmoja wao, ila tuliwatazama wote kwa jicho moja. Tukaenda dukani, tukanunua kifuniko kipya cha tangi chenye kufuli na ufunguo wake, kizito, chenye mpira mnene kwa ndani, na kile cha zamani tukakitupa katika sanduku la vyuma chakavu. Tukawa twatembea na ufunguo ule mfukoni kama mtu mwenye kasha la fedha.

Katika juma lile lile tulibadili pia mahali pa kununulia petroli. Tuliacha kituo cha zamani tukahamia kwa jirani yetu mmoja, mtu tunayesali naye katika msikiti mmoja, kwa kuwa kituo chake ni karibu na nyumbani. Basi mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na ugonjwa wa gari ukaanza baada yake. Moja lilikuwa letu na moja lilikuwa la mwenzetu. Msomaji aweza kukisia ni lipi tulilolishuku.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Mjini motokaa ilikwenda bila ya neno. Lakini tukijaza tangi na kutoka nje ya mji, iwe kwa njia ya Mikese kuelekea Chalinze au kwa njia ya Bigwa kuelekea milimani, baada ya mwendo wa nusu saa hivi injini ilianza kukohoa na kupoteza nguvu, hasa katika kupanda, kisha ikazima. Tukiiacha robo saa au zaidi, iliwaka kama kwamba haikuwa na kitu. Ikaenda kitambo, ikazima tena. Na lililotupotosha kuliko yote ni kwamba tangi likiwa nusu au robo, haikuzima kabisa. Ilizima pale tu tulipotoka kujaza! Tukasema: petroli ya leo ndiyo mbaya. Hatukujiuliza mbona petroli ile ile mbaya, ikipungua hata kufika nusu ya tangi, hugeuka ikawa njema.

Tuliipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliifungua kabureta, akasafisha jeti, akatazama boya na sindano yake. Uchafu alioutoa haukutimia kijiko cha chai. Wa pili alisema kwamba kosa ni la umeme, akabadili platini, kondensa na koili. Tumpe haki yake, kwa kuwa koili mbovu ikipata joto huweza kuzimisha gari kwa namna ile ile, na ikipoa ikarudi kazini. Ila yeye hakupima kwanza, alibadili tu. Wa tatu alitia kiwambo kipya katika pampu, kisha akalipuliza bomba kwa upepo kutoka kwenye pampu kurudi tangini. Alipopuliza alifungua kifuniko cha tangi ili asikie mapovu. Mapovu yakasikika vizuri, akasema njia ni safi. Na kweli njia ilikuwa safi, maadamu kifuniko kimefunguliwa. Fedha tulizowalipa hao watatu zingetosha kununua mbuzi wawili wa Idi.

Akatokea jamaa mwingine akatuambia kuwa petroli yachemka ndani ya bomba. Jambo hili lipo, si uzushi. Petroli si kama maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka katika joto lisilofika hata nusu ya lile la maji yachemkayo jikoni, na ikigeuka mvuke ndani ya pampu, pampu huwa inavuta mvuke tupu. Magari ya siku hizi hayasumbuliwi sana na jambo hilo, kwa kuwa pampu zao aghalabu zimo ndani ya tangi na husukuma mafuta kwa nguvu kubwa mara nyingi zaidi. Tukashauriwa kuifunga pampu kitambaa kilichorowa. Kila gari lilipozima tulikimwagia kitambaa maji, tukangoja, likawaka. Tukasema dawa tumeipata. Kumbe maji hayakuponya kitu. Kilichoponya ni kule kungoja, na kwa nini, tutaeleza.

Dhana ya petroli haikututoka. Na wala hatukuitunga kutoka hewani, kwani katika nchi yetu kuchanganya mafuta ya taa na petroli lilikuwa jambo lililowasumbua watu kweli kweli, hata mamlaka ya nishati, EWURA, ikaanza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta ili yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa sana ili wachanganyaji wasione faida. Ndugu yetu mdogo, ambaye ana akili ya taratibu kuliko sisi, alichukua petroli ya jirani yetu akaidondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ikaisha. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Tone lile lilikauka, karatasi ikabaki nyeupe. Akatuonyesha. Tukamwambia kuwa watu hawa ni wajanja, labda wachanganya siku nyingine.

Usiku wa kuamkia Jumatano moja ya Januari 2023 simu ililia: mjomba wetu, ndugu wa pekee aliyembakia mama, amefariki kijijini kwake, upande wa mlimani kupita Mkuyuni. Asiyewajua Waluguru huenda asijue uzito wa habari hiyo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika mashamba na ndoa na ugomvi. Huyu alikuwa ndiye aliyetushika mkono tulipokuwa wadogo. Mama hakulia. Alisema jambo moja tu, kwamba yataka amwone uso wake kabla hajatolewa nyumbani. Wanawake wetu hawaendi makaburini wakati wa maziko, basi kuagana kwao ni pale nyumbani, kabla ya jeneza kuinuliwa. Likiisha kuinuliwa, limepita.

Tuliambiwa kuwa atazikwa baada ya Adhuhuri. Saa nne kasoro tulipita kituoni kwa jirani yetu. Kijana anayeuza mafuta, mpole, wa umri wa miaka ishirini na kitu, alijaza tangi mpaka juu, akatupa pole ya msiba. Nasi tukafunga kifuniko kwa ufunguo, tukaondoka. Tulipita Bigwa, milima ikiwa kushoto na kulia imejaa mawingu. Na katika kupanda kabla ya Kiroka, injini ikakohoa.

Hatutaki kuirefusha sehemu hii. Ilizima mara tano. Tulimwagia pampu maji ya kijito, tukangoja, ikawaka, tukaenda kidogo, ikazima. Magari ya abiria yalipita yamejaa hata mlangoni. Pikipiki zilikuwako, lakini mama ana ugonjwa wa nyonga, hawezi kupanda. Na lau ingezima moja kwa moja, tungeiacha pale na kutafuta njia nyingine kwa vyovyote. Walakini kila ilipowaka ilitutia tamaa kwamba sasa imepona. Mama alikaa kiti cha mbele, mikono yake imeshika mtandio, asiseme neno. Tulifika saa nane na nusu. Wanaume walikuwa wanarudi makaburini, miguu yao ina udongo mwekundu.

Siku tatu baadaye tulikuwa tumerudi Morogoro, na baada ya Isha tulikaa barazani na jamaa waliokuja kutupa pole. Mmoja akauliza kulikoni hata tukachelewa. Basi tukasema. Tulisema kuwa petroli ya kituo kile imechanganywa, kwamba tumekwisha ijaribu miezi mitano, kwamba watu wale wamemnyima mama yetu uso wa ndugu yake. Palikuwa na watu tisa. Hakuna aliyetuuliza ushahidi, kwa kuwa tulikuwa wafiwa, na maneno ya mfiwa hayapingwi. Juma halikuisha, habari zilikuwa zimefika sokoni na msikitini. Wenye bajaji wakaacha kununua pale. Na mwenye kituo, akiona biashara yake yaanguka, akadhani kwamba labda kijana wake hufanya jambo usiku bila ya yeye kujua, akamwondoa kazini. Tulipoambiwa, twakiri, tuliona kuwa imekuwa haki.

Siku ya arobaini ya mjomba, mwanzoni mwa Machi, tulipanda tena. Safari hii tulijaza tangi katika kituo kingine kabisa, upande wa pili wa mji. Tulizima mahali pale pale, kabla ya Kiroka. Na ajabu ya nafsi ya mwanadamu: hata hapo hatukusema kuwa tumemdhulumu mtu. Tulisema, "Wenye vituo wote ni wamoja."

Tulikuwa tumefungua boneti, twakitazama kile kikombe cha kioo, ambacho kilikuwa nusu na kimejaa mapovu, pasipo hata tone la maji chini yake, aliposimama kijana mmoja wa bodaboda.

"Shikamooni, wazee. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akaitika kabla yetu.

"Limeishiwa mafuta?"

Tukamjibu kwa ukali kidogo kuwa tangi limejaa, tumelijaza leo hii. Akatazama kikombe, akatazama ubavu wa gari, akauliza, "Mmefungua kifuniko?"

"Tukifungue cha nini? Tumekwisha kuambia limejaa."

"Kifungueni tu, mzee. Hata hii pikipiki yangu ilinifanyia hivi. Kitundu cha kifuniko kiliziba kwa vumbi, ikawa yazima kila nikienda mbali."

Tulitoa ufunguo mfukoni. Kifuniko kilipolegea, kilivuta pumzi ndefu kwa sauti ya mtu aliyezama majini akaibuka, hata mama akageuka kutazama ni nani. Ndugu yetu mdogo akakipampu kile kijiti cha mkono; mara tatu, mara nne, kikombe kikajaa petroli, safi, bila povu hata moja. Tukapiga stata, gari likawaka papo hapo. Halikungojwa hata dakika moja.

Ndugu yetu hakuridhika. Alitaka kujua kwa yakini, na twamshukuru. Tukakifunga kifuniko kama kilivyokuwa, tukaenda. Gari likakohoa likazima. Tukafungua, likavuta pumzi, likawaka. Tukafanya hivyo mara ya pili. Mara ya tatu mama akasema tumekwisha kumchosha, na kwamba hata kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili. Ametoboa makopo mbele ya macho yetu tangu tulipokuwa watoto, na sisi wasomi tulikuwa tukitazama nini?

Ndivyo ilivyo. Kopo likitobolewa tundu moja, maziwa hutoka matone machache yakasimama, kwa kuwa hewa haina mahali pa kuingilia kushika nafasi ya maziwa yaliyotoka. Kifuniko cha asili cha Land Rover ile kilikuwa na kitundu cha kuingizia hewa. Hiki cha kufuli hakikuwa nacho, na mpira wake mnene uliziba kila upenyo. Pampu ilipovuta petroli, mahali palipobaki wazi ndani ya tangi hapakuingia kitu. Hewa ya ndani ikawa nyembamba, nayo ikaivuta petroli kurudi nyuma, mpaka pampu ikashindwa. Na katika kupanda, ambapo injini iko juu zaidi na inakunywa zaidi, ilishindwa upesi. Tukingoja, hewa kidogo ilipenya polepole, labda kupitia tundu la ufunguo, na nguvu ile ya kuvuta nyuma ikapungua. Na fumbo la tangi lililojaa nalo likafumbuka. Tangi likijaa mpaka juu, hewa iliyobaki haizidi kikombe kimoja au viwili. Zikitoka lita tatu tu, hewa ile chache yatakiwa kutanda mahali pa lita tatu. Tangi likiwa nusu, hewa ni lita ishirini na zaidi, na kutoka lita tatu hakuidhuru. Kwa hiyo kijana yule wa kituoni, kadiri alivyotujazia kwa ukarimu na kwa uaminifu mpaka juu, ndivyo gari lilivyozima mapema.

Kifuniko cha zamani tulikipata katika sanduku la vyuma chakavu, kina kutu kidogo, tukakisafisha kitundu chake kwa sindano ya kushonea. Tangu Machi ile hata leo gari halijazima. Wapo wanaotoboa vifuniko vya kufuli kwa kekee. Sisi hatukupenda, kwa kuwa tundu lisilo na kizuizi huingiza vumbi na mvua. Wizi wa petroli haukurudi pia, na hatukupata kujua ulikuwa wizi kweli au bomba lilikuwa likivuja usiku, maana yule fundi wa tatu alipobadili kiwambo alikaza pia maungio mawili aliyoyakuta yamelegea.

Kwa wenye magari ya namna hii, twasema hili. Gari likizima njiani na mwashuku mafuta, msianze kwa kubadili vyombo. Anzeni kwa kufungua kifuniko cha tangi na kutega sikio. Kazi hiyo haigharimu hata senti moja. Kisha tazameni kikombe cha kioo: maji hukaa chini ya petroli nayo huonekana, na povu nyingi ni dalili kuwa pampu yavuta hewa au yavutana na kitu. Kisha fungueni bomba lile linaloingia kwenye kabureta, mlielekeze ndani ya chupa, mpampu kwa mkono. Petroli ikija kwa nguvu, kosa liko mbele, katika kabureta au katika umeme. Isipokuja, kosa liko nyuma. Hivyo mtakuwa mmeligawa gari vipande viwili kabla ya kumlipa mtu yeyote. Lakini injini iwe imepoa, betri iwe imefunguliwa, na chupa iwe na kizibo. Wala mtu asivute petroli kwa mdomo katika mpira, kama tulivyokuwa tukiwaona utingo wakifanya. Ikiingia mapafuni huua, na aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Juu ya moto hatuna haja ya kusema mengi kwa watu wa Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Katika mitaa yetu bado wako wenye makovu ya siku ile. Hata hivyo, yule fundi wetu wa kwanza aliisafisha kabureta kwa petroli iliyo wazi katika karai, na mwenzake amesimama kando na sigara. Tulimwona, na tulinyamaza, tukiogopa kuonekana wajuaji.

Twarejea kwenye maneno yetu. Tulipotoka arobainini tulikwenda kwa mwenye kituo, tukamweleza yote, tukamwonyesha kifuniko. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ametusamehe, ila wenye bajaji hawajarudi. Tukamwuliza habari za kijana. Akasema nafasi yake ilikwisha kupata mtu mwingine, mwenye watoto, hawezi kumwondoa huyu kwa ajili ya yule, akawa ametenda makosa mawili. Hatukuwa na jibu.

Kijana tulimkuta Msamvu, penye stendi ya mabasi, akiuza maji ya chupa madirishani mwa mabasi. Tulipomwamkua hakutujua kwanza, au alijifanya hatujui. Tukamtaka radhi, tukampa kifuniko akishike mkononi. Alikigeuza geuza, akatia kidole ndani akaubonyeza ule mpira mnene, akauliza tulikinunua kwa shilingi ngapi. Tukamwambia. Akanyamaza kitambo, basi moja likapita, akauza chupa mbili, akarudi.

Akasema, "Radhi nimetoa, mzee. Lakini mimi mliyenieleza nilikuwa najua tangu zamani kuwa sikuchanganya. Waelezeni wale waliokuwa hawajui."

Wale wa barazani walikuwa tisa. Sita tumewaendea majumbani mwao, mmoja mmoja, na kifuniko mkononi. Wawili wamehama, mmoja yuko Ifakara na mwingine hatujui aliko. Na wa tisa alifariki kabla hatujamfikia. Na walioyasikia kutoka kwa hao, na waliosikia kutoka kwa waliosikia, hatuna njia ya kuwahesabu. Basi kama msomaji uliwahi kuambiwa kuwa katika mtaa wetu wa Morogoro kuna kituo kinachouza petroli iliyochanganywa, maneno hayo yalitoka kwetu, nayo hayakuwa kweli.